Impreza ya juzi nimeiacha

Jumamosi nilienda kuona gari, Subaru Impreza ya mkononi, ile ya mkia mfupi. Rangi inang'aa, dalali anaapa, "Haina hata mkwaruzo, bosi wangu." Fundi wangu hata boneti hakugusa, aliinama kwenye tairi kwanza. Za mbele mpya, za nyuma vipara. Akaniambia gari inayovuta magurudumu yote manne haitaki mchezo huo, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inachoka. Tukaizungusha polepole kwenye lami, usukani umekatwa mpaka mwisho: ikawa inagoma na kurukaruka kama imeshikwa breki. Dalali eti ni baridi ya asubuhi. Saa saba mchana, Dar! Mkanda wa taimingi nao, ule wa injini unaobadilishwa kwa kuhesabu kilomita: gari imeshafika 130,000, hakuna stika wala risiti ya kubadilishwa. Nimerudi na daladala, hela yangu mfukoni.