Dola 75,000 na Saa Sita Mchana

Siku moja kabla ya mlango kufungwa, ombi letu la fedha za utafiti za serikali lilikuwa limekamilika. Ndivyo tulivyodhani. Mwaka ni 2023, mji ni Dayton, Ohio, jirani na kambi ya Wright-Patterson yaliko makao makuu ya maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani. Kampuni ilikuwa na watu sita na droni tatu, moja imevunjika mguu. Kazi yake ni programu ya akili unde inayoiwezesha droni kujua iko wapi kwa kuitazama ardhi kwa kamera, pale ambapo mawimbi ya GPS yamezibwa.

Fedha zilizoombwa ni za mpango wa SBIR, uliozaliwa na sheria ya 1982. Wizara zenye bajeti kubwa ya utafiti hulazimika kutenga sehemu yake kwa kampuni ndogo zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Serikali haichukui hisa wala haidai kurudishiwa. Upande wa mada huria wa Jeshi la Anga, ambako kampuni huja na wazo lake yenyewe, Awamu ya Kwanza ilikuwa dola 75,000 kwa miezi mitatu. Wageni wa mambo haya hudhani hizo ni pesa za kuunda mashine. Miezi mitatu haiundi mashine. Hizo ni nauli ya kumtafuta mwanajeshi mwenye shida unayoweza kuitatua, na kupata sahihi ya kitengo chake kwenye hati ya mteja. Bila hati hiyo hakuna Awamu ya Pili, na huko ndiko kulikokuwa na dola milioni 1.25 kwa miezi 21. Awamu ya Tatu haina fungu lake la SBIR, lakini ina kitu kitamu zaidi: idara inaweza kukupa mkataba moja kwa moja bila kukushindanisha tena na wengine.

Usajili ulikuwa umetuchosha mapema. Kampuni husajiliwa kwanza SAM.gov, tovuti ya wanaotaka kufanya kazi na serikali, inapata namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, kisha namba ya CAGE, kitambulisho cha wakandarasi, yenye herufi na tarakimu tano, kisha inajiandikisha SBIR.gov, na mwisho inafungua akaunti kwenye lango la maombi la Wizara ya Ulinzi. Hatua ya kwanza ndiyo inayokula wiki, kwa sababu jina na anwani ya kampuni lazima vifanane neno kwa neno na nyaraka za kuthibitisha. Cheti chetu cha usajili wa jimbo kilikuwa na namba ya chumba, bili ya umeme haikuwa nayo. Kosa letu, na lilitugharimu siku 19. Usajili wenyewe unaisha kila mwaka, kwa hiyo anayengoja tangazo litoke ndipo aanze kujisajili amekwisha chelewa.

Basi jioni ile tukakaa kupitia ombi lote kwa mara ya mwisho. Dada mmoja, mhandisi mzaliwa wa Tanga, alikuwa anasoma masharti kwa sauti huku wengine tukiyapekua mafaili. Alipofika kwenye mtafiti mkuu akanyamaza, akarudia tena polepole: mtafiti mkuu awe ameajiriwa na kampuni yenyewe kwa zaidi ya nusu ya muda wake, siku ya kupewa mkataba na muda wote wa mradi.

Mtafiti mkuu wetu alikuwa Profesa, mwanzilishi wa kampuni, Mmombasa, mwalimu wa kudumu wa chuo kikuu. Kampuni alikuwa akiihudumia usiku na Jumamosi.

Kama ombi lingekuwa la STTR, ndugu yake SBIR, mambo yangekuwa mepesi. Huko mtafiti mkuu anaruhusiwa kuwa mwajiriwa wa chuo, ilimradi kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na taasisi ya utafiti angalau 30. Kampuni inayozaliwa ndani ya chuo ianzie STTR, na hilo nalisema bila kuuma maneno. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha andika la SBIR, na saa zilikuwa zimebaki kumi na sita.

Profesa akapigiwa simu. Alikuwa uwanja wa ndege wa Seattle akirejea kutoka mkutano.

“Shikamoo Profesa. Kuna jambo.”

“Marahaba. Semeni haraka, wanatupandisha.”

Akaelezwa. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi Dada awe yeye. Si ndiye aliyeiandika hiyo programu? Mimi niwekeni mshauri.”

Kubadilisha jina kunaonekana jambo dogo. Jina la mtafiti mkuu liko kwenye jalada, kwenye maelezo ya kiufundi, kwenye wasifu, na kwenye bajeti linashikilia saa na ujira. Likibadilika sehemu moja likasahaulika nyingine, msomaji wa upande wa pili anaona kampuni isiyojijua.

Bajeti ilipofunguliwa ndipo shimo la pili lilipoonekana. Katika Awamu ya Kwanza ya SBIR, angalau theluthi mbili ya kazi lazima ifanywe na kampuni yenyewe, na kipimo ni gharama. Theluthi moja ya 75,000 ni 25,000. Sisi tulikuwa tumeipa maabara ya chuo 28,600, na tumeandika nyingine 4,200 za kuweka alama kwenye picha 12,000 za angani ili programu ijifunze kutoka kwazo, kazi ambayo ingefanywa na vijana wa Nairobi. Jumla 32,800. Isitoshe, hizo za Nairobi zilikuwa na kasoro nyingine nzito zaidi: utafiti wa SBIR hufanyika ndani ya Marekani, na kibali cha kwenda kinyume na hilo ni nadra na hupatikana kabla, si baada. Nairobi kuna watu waliobobea katika kuweka alama kwenye picha kuliko miji mingi ya dunia, na iliuma kuifuta. Tukaifuta.

Maabara ya chuo ikashushwa hadi 22,400. Zikabaki 10,400 zisizo na mwenyewe. Mhandisi wetu alilipwa dola 58 kwa saa. Ukiongeza asilimia 60 za bima, kodi na pango, saa moja inasimama dola 92.80. Zile 10,400 zikawa saa 112 za ziada kwa miezi mitatu, takribani saa tisa kwa wiki. Saa hizo haziingii hewani hivihivi, lazima zielezwe kwenye mpango wa kazi ni za nini. Tukaandika ukweli: picha 3,000 badala ya 12,000, na alama tutaziweka wenyewe. Faida ya asilimia saba tuliiacha palepale. Wapo wanaoiondoa wakidhani unyenyekevu utawapendeza wakaguzi. Hautawapendeza, faida ya wastani inaruhusiwa, na kampuni isiyojiwekea faida hupata tabu kufika Awamu ya Pili.

Yapata saa saba usiku tukafika kwenye raia wa kigeni. Masharti yanataka kila mshiriki asiye raia, na hata mwenye uraia wa nchi mbili, atajwe: nchi gani, ana kibali gani, atafanya nini. Profesa alikuwa ameapa uraia wa Marekani, na baada ya katiba ya 2010 kuruhusu, alirudisha na ule wa Kenya. Kwa hiyo jina lake lina mstari kwenye orodha hiyo. Dada naye alipokuwa raia wa Marekani, sheria ya Tanzania ilimvua ule wa kuzaliwa. “Mimi sina mstari,” akasema, akacheka kicheko kisicho na furaha. Mstari huo si dhambi wala haumfukuzi mtu. Kinachoponza ni kuuficha. Na kwenye umiliki, zaidi ya nusu ya hisa lazima iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu. Mwenye viza ya kazi peke yake hawezi kuwa ndiye mwenye kampuni. Hapo tulikuwa salama.

Kisha picha. Ukurasa wa tatu wa maelezo ya kiufundi ulikuwa na picha nzuri ya droni yetu juu ya shamba la mahindi, na kila ajuaye droni angeitambua: chapa ya Kichina. Kifungu cha 848 cha sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2020 kinaikataza wizara kununua au kutumia droni zilizotengenezwa China, na pia zenye sehemu nyeti za huko: bodi inayoiongoza droni hewani, redio, kamera, kishikio kinachoituliza kamera, mtambo wa kuongozea kutoka ardhini, na programu zake. Sisi tulikuwa tunauza programu, si droni. Lakini kumwekea mkaguzi picha hiyo ni kwenda harusini na kaniki. Tukaweka picha ya droni ya pili, iliyofungwa bodi ya Marekani. Kamera yake bado ilikuwa ya Shenzhen, China, ila kwenye picha haikuonekana, na katika maandishi tukasema wazi kwamba itabadilishwa kabla ya jaribio la kwanza.

Aya moja tuliiandika upya kabisa kabla ya alfajiri. Mtu alikuwa ameandika kwamba droni “itajichagulia shabaha”, akimaanisha alama za barabara na paa inazozifuata ili isipotee. Neno shabaha mbele ya wanajeshi lina maana moja. Lingeliingiza ombi kwenye Agizo la 3000.09 la Wizara ya Ulinzi, lihusulo silaha zinazojiendesha, lililofanyiwa marekebisho Januari 2023, linalotaka binadamu abaki na uamuzi wa kutosha juu ya matumizi ya nguvu. Mfumo wetu haukuwa silaha. Likawekwa “alama za ardhini”, tukasonga mbele.

Asubuhi kila sehemu ilikuwa na tiki ya kijani: jalada, maelezo ya kiufundi, gharama, taarifa ya biashara, viambatisho, mafunzo ya kuzuia ulaghai, na tamko la mahusiano ya kigeni. Mwisho ni saa sita kamili mchana kwa saa za mashariki, bila dakika ya huruma. Sasa, tiki zote zikiwa kijani ombi bado halijawasilishwa. Lazima afisa wa kampuni aingie kwa akaunti yake mwenyewe, aidhinishe, ndipo hali ibadilike kuwa limewasilishwa. Afisa wetu alikuwa Profesa, na Profesa alikuwa angani.

Ndege yake ya pili, ya kuunganisha safari, ilitua Columbus saa tano na dakika ishirini na moja. Akafungua kompyuta mlangoni pa kushukia. Namba ya siri ya kuthibitisha ikatumwa kwenye simu aliyokwisha kuiacha tangu Krismasi. Kwa bahati alikuwa amechapisha zile namba za akiba zinazotolewa unapofungua akaunti, na karatasi ilikuwa kwenye droo ya ofisi. Dada akamsomea herufi moja moja kwa simu, kama anayemsomea mtoto. “M kama Mombasa.” “Nimeipata.” “Tano.” “Tano namba?” “Namba, Profesa.”

Saa tano na dakika arobaini na nne skrini ikabadilika. Tukaipiga picha skrini hiyo pamoja na saa yake, tukapakua nakala ya ombi zima kutoka kwenye lango, tukaifungua ukurasa kwa ukurasa kuhakikisha hakuna faili lililopanda nusu.

Hakuna aliyekwenda kulala. Dada alivuta kiti hadi kwenye meza ya kazi, akaigeuza ile droni ya pili tumbo juu, akachukua bisibisi ndogo na kuanza kuzitoa skrubu nne za kamera, akizipanga kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Kamera mpya ilikuwa na lenzi pana zaidi, kwa hiyo hesabu zote za upigaji picha zilikuwa zimekufa. Akaniomba niushike ubao wa miraba myeusi na myeupe wa kuipimia kamera upya, niuinamishe kidogo kushoto, nisitikisike. Picha ya kwanza kati ya arobaini.