Umebahatisha

Naandika usiku huu kwa sababu ya neno moja. Mdogo wetu alijifungua Jumanne, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Kaka amepata ule uhamisho aliousubiri miaka miwili na anaondoka mwisho wa mwezi. Barua ya mwenye jengo nayo imefika, nimeisoma mara moja nikaifunika na daftari la miadi. Hayo yote ni makubwa kuliko hili, najua. Lakini nikizima taa, kinachonirudia ni neno la Jumapili: "Umebahatisha."

Jumapili kwetu mnaijua. Kaka na Wifi wanakuja, Mama anakaa kwenye kiti chake, rimoti inakaa kwa Kaka, na tunatazama ule mfululizo wa upelelezi ambao nimewahi kuwaandikia hapa. Safari hii mauaji yalitokea saluni. Nilipoviona vile viti na vioo, na masinki ya kuoshea vichwa yamepangwa ukutani, nilisogea mbele kidogo. Wifi akanigusa bega: "Leo ni kwenu, wifi."

Kisa chenyewe ni hiki. Saluni ni ya wanawake wawili, wabia. Yule mkubwa anakutwa amekufa katika chumba cha nyuma, kile cha kuchanganyia rangi, waya wa drai umemzunguka shingoni. Wanaoshukiwa ni wanne: mumewe, mteja mmoja aliyekuwa akimdai, msichana wa kuosha vichwa aliyekuwa ameambiwa asirudi tena kazini, na mbia. Mbia analia kwa uchungu hasa. Anamweleza mpelelezi kwamba muda wote alikuwa na mteja wake. Aliondoka mara moja tu, dakika mbili, kwenda kuchanganya rangi, na chumba kilikuwa kitupu. Akarudi na bakuli, akapaka brashi ya kwanza, ndipo msichana akapiga ukelele kule nyuma.

Anaposema hivyo kamera inapita juu ya kitoroli chake. Glavu, klipu, brashi, bakuli. Na rangi ndani ya bakuli ni nyeusi tii.

"Ni yeye," nikasema. "Huyo mbia. Rangi hiyo ina zaidi ya nusu saa tangu ichanganywe."

Kaka akaniashiria ninyamaze. Mama akauliza, "Huyu aliyekufa ni nani?" Wifi akamwambia ni mwenye saluni. Baada ya muda kidogo Mama akauliza tena vilevile, tukacheka, Kaka akasema Mama amesinzia, na filamu ikaendelea.

Ngoja niwaeleze kuhusu rangi, maana Jumapili sikupata nafasi. Rangi ya kudumu haitoki kwenye tyubu ikiwa nyeusi. Inatoka kama krimu, nyeupe au ya maziwa, hata ikiwa kwenye boksi imeandikwa nyeusi. Unaichanganya na peroksaidi, kwa mvi kwa kawaida ni ile ya asilimia 6, na hapo ndipo kazi inapoanza. Chembe zake ni ndogo na hazina rangi, ndiyo maana zinapenya ndani ya unywele. Zikishakutana na oksijeni zinaungana, zinakuwa kubwa, zinapata rangi na hazitoki tena. Ndiyo maana tunamwacha mteja akae nusu saa au zaidi kabla ya kumwosha. Na kinachobaki kwenye bakuli nacho kinapigwa na hewa: kwanza rangi ya kahawia hafifu, kisha inakolea ukingoni, kisha juu kote, mpaka mwisho bakuli lote linaiva. Si elimu ya jana. Mkemia Mfaransa Eugène Schueller alikuwa akiwauzia wasusi wa Paris rangi za kemia ya namna hii tangu 1907, na mwalimu wetu wa chuo alihakikisha hakuna aliyemaliza kozi bila kuujua mwaka huo.

Kwa hiyo mwanamke anayesema "nimetoka kuichanganya sasa hivi," na bakuli lake ni jeusi, anadanganya. Aliichanganya mapema. Zile dakika mbili kule nyuma alikuwa akifanya jambo jingine. Hivyo ndivyo nilivyojua. Sikuchagua jina moja kati ya manne nikaomba liwe kweli.

Filamu ikaisha. Mpelelezi akawakusanya wote mbele ya vioo, akatoa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la miadi, na mbia akakaa kitini akainamisha kichwa. Nikamgeukia Kaka. Nadhani nilikuwa natabasamu.

"Umebahatisha tu, mdogo wangu," akasema. "Walikuwa wanne."

"Sikubahatisha. Ni ile rangi."

"Rangi gani? Mpelelezi hakutaja rangi hata mara moja."

Akabadilisha chaneli, taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Wifi akaenda jikoni. Basi, hayo ndiyo mazungumzo yote, na mimi nimeyabeba siku tano.

Jumatatu, nikimwosha kichwa yule mama wa kiti cha dirishani, nilimjibu Kaka vizuri sana moyoni, kwa mpangilio, krimu kwanza, hewa baadaye. Jumanne kwenye korido ya hospitali, tukisubiri kuitwa kumwona mtoto, alikuwa amekaa pembeni yangu kabisa. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama ameegesha gari vizuri. Jumatano nilibadilisha jibu nikaamua kwamba nisingesema chochote, ningemtazama tu. Kila mara namalizia palepale: "Rangi gani?" Hakuuliza ili ajibiwe. Ungeweza kuisikia kwa sauti.

Nisimwonee Kaka. Ada ya chuo cha urembo alilipa yeye, wakati watu wengine wa ukoo wakisema fedha inapotea. Hajawahi kunitajia ada ile hata tukigombana. Lakini Kaka ni mhasibu. Akitazama safu ya tarakimu akasema "hapa pana kosa," hakuna mtu mezani anayemwambia amebahatisha. Watu wanasogea. Wanauliza, "Umejuaje?" Nilichotaka Jumapili kilikuwa hicho tu. Aniulize nimejuaje.

Maana najua mambo. Unywele unaota sentimita moja hivi kwa mwezi, kwa hiyo mwanamke akikaa kitini na mvi za sentimita nne chini ya rangi yake, najua miezi minne iliyopita kuna kitu kilimfanya asijijali, na simuulizi, namletea maji ya kunywa. Najua nywele zinazodondoka kwa wingi leo mara nyingi zinasimulia homa au uzazi wa miezi miwili mitatu nyuma (mdogo wetu nitamwambia mapema ili asije akaogopa). Kile kiduara kilaini kisogoni, saizi ya sarafu, mwenyewe hakioni hata kwa vioo viwili. Ninayekiona kwanza ni mimi, na kuna namna ya kumwambia.

Waandishi wa filamu wakitaka mtu afe saluni wanakimbilia waya na mkasi. Sisi tunaogopa vingine. Tunaogopa rangi kwa ngozi isiyopatana nayo, ndiyo maana namwekea mteja mpya tone nyuma ya sikio na kumwambia arudi baada ya saa 48, hata akinuna, hata akienda kwa jirani asiyemsumbua. Tunaogopa sinki. Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani aliandika kuhusu wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele saluni, shingo zikiwa zimelazwa nyuma kwenye ukingo wa sinki. Tangu nisome hilo sijamlaza mtu bila taulo nene chini ya shingo, na mwanafunzi wangu nimemfundisha hilo kabla ya kumfundisha kushika kitana. Hakuna anayeniona nikikunja lile taulo. Wala siwalaumu, wamefumba macho.

Basi leo Alhamisi, saluni nimefunga mchana kama kawaida, nikaamua kuitazama tena ile sehemu. Nilitaka dakika kamili ya lile bakuli. Nilikuwa na kalamu. Nia yangu ilikuwa kumwandikia Kaka ujumbe mfupi: tazama dakika fulani, tazama rangi, kisha uniambie nimebahatisha.

Mama akaja akakaa chini, kati ya magoti yangu, maana Alhamisi ndiyo siku yake ya kusukwa. Nikaanza kufumua mistari ya zamani huku natazama.

Dakika ya sita tu, kabla hata ya mauaji, yule msichana wa kuosha vichwa anaingia chumba cha nyuma kumchanganyia mtu rangi. Jumapili sehemu hii ilinipita, nadhani nilikuwa nampisha Wifi. Anakamua tyubu, anamimina chupa, anakoroga mara tatu. Nyeusi. Papo hapo, nyeusi kama lami. Nikarudisha nyuma nikatazama tena. Kisha nikaenda mbele: kuna bakuli jingine mbele ya kioo cha mwisho, jeusi nalo. Lipo na la tatu. Katika saluni ile nzima hakuna rangi iliyowahi kuwa krimu. Aliyepanga vyombo vya filamu alitia kitu cheusi kila bakuli ili mtazamaji ajue hii ni rangi ya nywele, na ana haki yake, krimu nyeupe ungedhani ni mafuta.

Nikaiweka kalamu.

Kumbe bakuli la mbia halikuwa na siri yoyote. Hakuna aliyelikusudia. Nilisoma barua vizuri kabisa, neno kwa neno, na barua yenyewe hakuna aliyeiandika. Na bado nilimpata muuaji. Sasa hapo Kaka amekosea, au amepatia? Nimekaa na swali hilo, vidole vikiwa kwenye nywele za Mama, na jambo la ajabu ni kwamba hasira ilikuwa imekwisha. Sikuitafuta, haikuwepo. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Ningekuwa kwenye saluni ya kweli, na mwanamke wa kweli akaniambia maneno yale mbele ya bakuli jeusi, angekuwa mwongo. Hilo linanitosha. Wala si lazima Kaka aambiwe.

Sikuizima filamu kwa sababu Mama alikuwa anaitazama. Alikuwa ameinua kidevu, ikabidi nimsuke kwa kufuata kichwa chake kinavyokwenda. Mbia alipoanza kulia mbele ya mpelelezi, nikamnong'oneza Mama kama mchezo: "Ni huyo."

Akageuka hata mstari ukaniponyoka mkononi. "Umejuaje?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, krimu, peroksaidi, hewa, nusu saa, bakuli linavyoiva kuanzia ukingoni. Hata kosa la wapanga vyombo sikulitaja, niliacha rangi iwe shahidi. Mama alinisikiliza mdomo wazi. Akauliza maswali mazuri: je, ukilifunika bakuli haiivi? Nikamwambia inaiva, ila polepole. Akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Na ukurasa wa daftari ulipotolewa, mbia akainama, Mama alinipiga goti kwa kiganja, akacheka kwa sauti. "Mwanangu wee! Umejuaje?"

Siku tano nililingoja swali hilo. Nilifurahi, na furaha ile ilidumu labda kwa urefu wa mstari mmoja wa nywele.

Jumapili alikuwepo. Alikuwa kwenye kiti chake, hatua tatu kutoka kwenye televisheni, na hakuwa amesinzia, maana nakumbuka aliisifu gauni ya yule mteja wa mwisho, akasema kola yake imekaa vizuri. Leo gauni ilipopita aliisifu tena, maneno yaleyale, kwa mshangao uleule. Na ukurasa wa daftari ulimshtua kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

Wiki iliyopita aliniuliza mara mbili kama mdogo wetu amejifungua. Nilidhani ni hamu ya mjukuu. Kuna na funguo niliyoikuta kwenye kopo la sukari, nikairudisha msumarini bila kumwambia mtu, nikaamini ni mimi niliyeiweka. Kichwa hiki nakishika kila Alhamisi.

"Umechoka?" akaniuliza, maana mikono yangu ilikuwa imesimama.

Nikasema hapana. Majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda kwenye kioo na muziki umeanza.

"Na huyu aliyekufa," akasema, "alikuwa ni nani?"

Nikamjibu kwamba ni mwenye saluni. Nikamalizia mistari miwili iliyobaki, nikampaka mafuta, nikamfunga kitambaa.

Sasa amelala. Simu ya Kaka imeita mara mbili tangu nianze kuandika, anataka nimwazime yale masanduku yangu makubwa ya safari. Sijapokea. Nitampigia asubuhi, kabla hajaanza kufunga mizigo.