Majina ya kumzuia mtoto asiondoke

Wiki hii nzima kichwa changu kipo kwenye majina. Dada yangu ni mjamzito na kila mtu kwenye familia kashapendekeza jina lake, wengine wameleta orodha kabisa, na ubishi wote unaishia kwenye swali moja, eti lina maana gani. Mi nimeanza kuona hilo swali halitoshi. Maana unaipata kwenye intaneti fasta tu, ila haikwambii mzazi alikuwa anaogopa nini siku ile, au anamshukuru nani, au anamjibu nani.

Kuna majina ambayo ni taarifa tu na mi nayapenda sana kwa huo utulivu wake. Waakani wa Ghana, mtoto anakuja na jina la siku aliyozaliwa, Ijumaa wa kiume ni Kofi, wa kike ni Afua au Efua, Jumamosi ni Kwame na Ama. Kofi Annan alizaliwa tarehe 8 Aprili 1938, Ijumaa, na alizaliwa pacha, ndo maana kwenye majina yake kuna Atta, ambalo ni jina la pacha, na dada yake waliyezaliwa pamoja akaitwa Efua Atta. Yaani ukisikia tu ushajua kazaliwa siku gani na kwamba hakuja peke yake. Wajaluo wao wanaangalia saa, Otieno wa usiku, Onyango wa asubuhi jua likiwa linapanda, Ochieng wa jua la utosi. Kisiwa cha Bali kule Indonesia wanaangalia zamu, Wayan, Made, Nyoman, Ketut, akizaliwa wa tano mnaanza tena na Wayan.

Ila yanayonikosesha usingizi ni yale anayopewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kuzikwa. Wayoruba wa Nigeria wanamuita abiku mtoto anayezaliwa, anakufa, anarudi tena tumboni kwa mama yuleyule, anazaliwa na kufa tena. Sasa akija mwingine baada ya hapo wazazi hawatafuti jina zuri, wanatafuta la kumbembeleza abaki. Malomo, usiende tena. Kokumo, huyu hafi tena. Durojaiye, kaa ule maisha. Alafu kuna Durosinmi, kaa unizike. Hilo la mwisho nimelisoma nikaweka simu chini. Hebu fikiria huyo mama anamuita mwanae mara ngapi kwa siku, njoo ule, njoo uoge, acha kumpiga mwenzio, na kila akiita anamuomba asimtangulie kaburini, na mtoto anaitika tu anaendelea kucheza.

Wamongolia wao badala ya kubembeleza wanaficha. Familia iliyopoteza watoto inaweza kumuita aliyebaki Nergüi, yaani hana jina, au Enebish, siye huyu, au Khünbish, si binadamu, kuna hadi Muunokhoi, mbwa mbaya. Pepo wabaya wakipita kutafuta mtoto wa kuchukua wasikie hapa hakuna mtoto. Vijijini China nako zamani kulikuwa na majina ya utotoni ya namna hiyohiyo, Gousheng, mabaki ya mbwa, na ukikutana nalo bila kujua habari yake unasema wazazi gani hawa wasio na huruma, kumbe ndo waliokuwa wanampenda mpaka wanaogopa kusema kwa sauti.

Na sisi tunao wakina Tabu, Shida, Mashaka. Kuna mama mmoja tuliwahi kufanya kazi pamoja, ana jina la hivo hivo, alinambia kila akienda kwenye ofisi yoyote anayesoma fomu lazima ainue macho amwangalie, wengine wanacheka kabisa. Yeye hakasiriki. Alizaliwa kipindi baba yake ndo katoka kuzikwa, na anasema mama yake hakuwa na namna nyingine ya kuiandika ile habari, kwa hiyo akaiandika kwake. Hataki kulibadilisha na nilimuelewa.

Mengine hata hayamsemi mtoto. Washona wa Zimbabwe wana Muchaneta, yaani mtachoka nyie, na hapo unajua wazi analengwa mtu wa jirani au wifi fulani, fumbo mfumbie mjinga. Mtoto anakua anatembea na ugomvi wa wakubwa na pengine waliogombana walishapatana kitambo.

Majina ya serikali nayapita haraka maana hayana joto hilo. Uturuki sheria ya 1934 ilimtaka kila mtu awe na jina la ukoo, bunge likampa rais wao Mustafa Kemal jina la Atatürk, baba wa Waturuki. Ufilipino ni 1849, gavana Mhispania Narciso Clavería aligawa majina ya ukoo kutoka kwenye kitabu, kurasa zikapelekwa mji kwa mji, ndo maana Oas, kule Albay, familia nyingi mpaka leo majina yao yanaanza na R. Ukoo mzima una herufi hiyo kwa sababu ukurasa huo ndio uliwafikia.

Sasa kuna kitu kinanipa shida kwenye haya yote ninayoyatetea. India, jimbo la Maharashtra, kuna wasichana walioitwa Nakusa, yaani hatakiwi, kwa sababu nyumba ilikuwa inasubiri mvulana. Hilo nalo ni neno la kweli la mzazi, linabeba hali ya nyumba kama mengine yote, lakini Durosinmi anaambiwa baki na huyu anaambiwa bora usingekuja, na anaambiwa kila siku mbele ya watu. Mi hapo siwezi kusema jina liheshimiwe kisa ni historia. Oktoba 2011 wilaya ya Satara ilifanya sherehe, wasichana 285 wakapewa vyeti vyenye majina mapya. Wengine walijichagulia ya kizamani yenye maana nzuri kama Vaishali, wengine wakachukua ya waigizaji wa filamu, Aishwarya, Priyanka, na nawaelewa kabisa, umeitwa hatakiwi tangu uzaliwe, ukipewa nafasi unachukua jina la mwanamke ambaye nchi nzima inataka kumuona. Ninachotamani kujua ni ile wiki iliyofuata, mwalimu alivyoita mahudhurio, na nyumbani walivyomuita kula, kama waliita lile jipya, maana cheti peke yake hakimuiti mtu.