Ufunguo Uliokatikia Mlangoni mwa Ghala

Mlango wa ghala la bibi yangu, kule Mtambwe, Pemba, ulikuwa wa mbao nzito, na kila ikiingia vuli unavimba kwa unyevu ukawa hauvutiki. Kitasa chake cha silinda mjomba alikinunua Dar es Salaam akaja akakifunga mwenyewe. Karafuu ni mali, na miaka ile shirika la biashara la serikali likinunua kilo ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000, hapakuwa na mtu aliyeiacha mali yake nyuma ya komeo la mti. Lakini mlango haukuwa na mkono wa kushikia. Sote tukiuvuta kwa ufunguo: unazungusha, unaung'ang'ania ufunguo ule ule, unavuta. Na ufunguo wenyewe ulikuwa wa shaba, tena umechongeshwa kwa kuigiza mwingine uliokwisha kulika. Mpaka leo nikimwona mtu anavuta mlango kwa ufunguo humkataza, hata kama simjui.

Siku ulipokatika, uwanja mzima ulikuwa majamvi. Karafuu tulikwisha kuzichambua makonyo yake, zimeanikwa, zimeanza kugeuka rangi lakini ukizibana kwa kidole bado laini. Hapo ndipo pabaya. Mvua ikizikuta katika hali ile huvimba na kupauka, na kwenye kituo cha shirika zinashushwa daraja mbele ya macho yako. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa bahari. Mjomba akaenda ghalani mbio kuchukua maturubai, tukasikia "kach!", akarudi na kichwa cha ufunguo mkononi. Meno yote yamebaki ndani.

Akachukua msumari akaanza kuchokoa. Kila akichokoa, kipande kinazidi kwenda ndani. Akautupa msumari akafuata shoka.

"Weye, shoka la nini?" bibi akamuuliza. Alikuwa amekaa barazani na ungo wake, hakunyanyuka.

"Kuuvunja, mama. Mvua haisubiri mtu."

"Ukishauvunja, usiku utalala weye hapo mlangoni? Mle mna magunia ya msimu mzima. Mna ada za skuli za watoto hawa. Weka shoka chini."

Mjomba akaliweka. Bibi akamtuma binamu yangu kwa baiskeli mpaka njia panda, akamwite fundi baiskeli. Sisi wengine akatupa amri moja: karafuu zote ndani ya nyumba.

Tulishika majamvi pembe nne, wanawake mbele, watoto nyuma. Za kwanza tukazimwaga sebuleni, zikafuata za ukumbini, halafu vyumba. Kitanda cha bibi kilitolewa godoro, likatandikwa jamvi juu ya kamba, karafuu zikapanda mpaka usawa wa mto. Harufu ya karafuu uwanjani ni nzuri, lakini ndani ya chumba kilichofungwa madirisha huwasha macho na koo. Na karafuu isiyokauka ukiirundika haikai kimya, hupata joto. Ukitia mkono katikati ya rundo unalisikia kabisa. Kwa hivyo bibi alitukalisha tukizitandaza na kuzigeuza kwa viganja, chumba hadi chumba, na mvua ikaanza kupiga bati.

Fundi alifika amelowa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, na mfuko wake wa zana ulikuwa wa ngozi ya kiti cha baiskeli. Alimsalimu bibi kwanza, akaulizia hali ya nyumba, kisha akachuchumaa mlangoni. Mimi nilitolewa kwenye karafuu nikamshikie tochi, na kazi ile niliiona yote.

Hakuanza kuchokoa. Alichungulia muda mrefu, akamwambia mjomba, "Umekizungusha kidogo kabla hakijakatika. Kikiwa hivi hakitoki hata uite mji mzima." Akaeleza huku akifanya kazi: ndani ya silinda mna vijiti vidogo vya shaba vinavyosukumwa na springi, na ufunguo hauwezi kuchomoka mpaka silinda irudi pale pale ulipoingilia. Akatia ncha ya bisibisi nyembamba, akairudisha taratibu, mpaka tukasikia "tik". Halafu akatoa kipande cha ubapa wa msumeno wa chuma, akakisugua ubavu kwenye jiwe na maji ya mvua, anakipima tundu, anasugua tena, hadi kikawa chembamba kama ukuti. Alikiingiza kando ya ufunguo, meno yakitazama nje, akakipindua kidogo kikauma, akavuta. Kikateleza. Akarudia. Mjomba alikuwa anahema juu yetu, fundi akamwomba asogee, kwa adabu kabisa. Safari nyingine kile kipande kikatoka nusu, akakidaka kwa koleo.

Mafuta ya kupikia tuliyomletea aliyakataa. Alisema yanashika vumbi, na vumbi la karafuu ndilo lililokuwa limekikaza kitasa. Alikwangua risasi ya penseli yangu ya skuli, akaipuliza ndani ya tundu. Vile vipande viwili akavifunga kwenye karatasi: "Peleka mjini Chake Chake, wakuchongee kwa kuviunganisha hivi. Usichongeshe kwa ule mwingine uliolika. Na kabla ya ufunguo, tia mkono mlango huu."

Mlango alikwisha kuufungua kabla hajakitoa kipande, kwa kuzungusha silinda na ile bisibisi, maturubai yakatoka, ingawa uwanjani hapakuwa na cha kufunika tena. Bibi alimfungia mkungu wa ndizi kwenye keria, na pesa akamtilia mfukoni kwa nguvu.

Tulilala siku zile ukumbini, juu ya mikeka, vyumba vikiwa vya karafuu, mpaka jua liliporudi. Kituoni zilipopimwa, gunia moja lilishushwa daraja la pili. Mengine yote yalipita la kwanza, na mjomba aliporudi na risiti bibi alimwambia amsomee moja moja, polepole, na mkono wa mlango apigilie leo leo.