Nilivyotengeneza washa za tripodi ya darubini kwa mfuniko wa ndoo na kopo la soda

Aisee hii tripodi, stendi ya miguu mitatu ya darubini yangu, ilinitesa. Nikigusa tu kile kigurudumu cha kufokasi, sayari ya Mshtarii inaanza kuyumba kwenye lenzi kama taa ya mashua, nahesabu moja mbili tatu mpaka sita saba ndo inatulia, na ikitulia ishasogea kuelekea pembeni maana anga linazunguka digrii 15 kwa saa na ukiwa umekuza mara 150 hivi haikusubiri.

Nikawa nalaumu tripodi yenyewe, eti nyepesi, eti ya bei rahisi. Sasa mchana mmoja nikaishika mguu mmoja mmoja nikautikisa, nikasikia ko-ko pale juu mguu unapoungana na kichwa. Nikafungua bolti. Washa za nailoni, vile viduara vyenye tundu vinavyovaa kwenye bolti, mbili zimepasuka, nyingine imelika imebaki kama karatasi, na mguu wa tatu upande mmoja hauna kitu kabisa, nadhani ilidondoka kwenye nyasi siku nafungasha gizani.

Mtu atasema pengo la nusu milimita pale kwenye bolti ni nini bwana. Piga hesabu: bawaba ya upana wa sentimita 5 ikiwa na nafasi ya nusu milimita, mguu unaweza kuinama zaidi kidogo ya nusu digrii, yaani upana wa Mwezi mzima ukiutazama angani. Hata kama ni sehemu yake tu inayofika kwenye darubini bado ni balaa.

Jaribio la kwanza nilikata mpira wa tyubu ya baiskeli. Kosa. Ile ko-ko iliisha kweli lakini mguu ukawa kama springi, picha inayumba taratibu na kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Mpira uweke chini ya miguu, sio kwenye maungio. Kisha nikajaribu kadibodi, usiku mmoja tu wa umande ikawa uji.

Ndo nikakaa nikafikiria vizuri. Pale kuna kazi mbili: kuna kitu kinatakiwa kiteleze mguu unapofunguliwa, na kuna kitu kinatakiwa kijaze unene uliopungua bila kubonyea. Cha kuteleza nikatumia mfuniko wa ndoo ya plastiki, ile plastiki ngumu yenye utelezi ukiipapasa. Cha kujazia, yaani shimu, nikakata kopo la soda.

Kupima nafasi sina kalipa, nikatumia karatasi za kawaida za kuprinti. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni kama milimita 0.1. Nikawa nachomeka karatasi kwenye pengo mpaka zibane, nahesabu. Mguu wa kwanza 14, wa pili 11, wa tatu 23, na hapo ndo nikaelewa kwanini washa za saizi moja zisingetosha. Kopo nalo nikapanga vipande 10 nikabana nikapima na rula, milimita 1, basi kila kipande ni 0.1 vilevile, hesabu ikawa rahisi.

Kitu kilichonipotezea muda ni kukata duara kwanza halafu kutoboa tundu. Kiduara kidogo hukishiki, drili inakizungusha hicho na vidole vyako. Toboa kwanza plastiki ikiwa bado kipande kikubwa, ibane katikati ya mbao mbili, drili iende polepole isiyeyushe, ndo ukate nje kwa mkasi. Shimu za kopo pitisha msasa kingo zote, zinakata mkono kama wembe, na ule ukingo uliojikunja unaongeza unene usioutaka.

Kupanga: washa ya plastiki inagusa mguu, shimu zinakaa nyuma yake upande wa kichwa, na gawa sawa kushoto na kulia mguu ubaki katikati. Nati nikaweka zile zenye plastiki ndani, nikakaza mpaka mguu ukiuachia usianguke wenyewe lakini mkono mmoja unaufungua. Usikaze kwa hasira, kichwa cha alumini ya kumimina kinapasuka na hapo huna tena cha kurekebisha.

Usiku huo nikagonga bomba la darubini kwa kidole, nikahesabu. Moja, mbili, imetulia. Ile miezi minne mikubwa inayoizunguka Mshtarii imejipanga mstari wala haitingishiki. Wiki moja baadaye ikalegea tena kidogo, plastiki ilikuwa imeshabonyea, nikaongeza shimu moja moja kila mguu na mpaka leo haijacheza. Ule mguu wa tatu unalia kidogo ukiufungua, nimeuacha hivyohivyo.