Kikaragosi Ncha ya Kusini: nilivyoondoa dhana kwamba sweta hutoa joto

Wanafunzi wa darasa la nne huku Uyole, Mbeya, waliamini sweta lina joto lake ndani. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita zinawaaminisha hivyo, na maelezo ya ubaoni hayakufua dafu.

Kilichosaidia ni kikaragosi cha soksi chenye macho ya vifungo, aliyesafiri Antaktika, ambako kituo cha utafiti cha Vostok kilipima nyuzi -89.2 za Selsiasi mwaka 1983. (Asikutane na dubu mweupe, huyo anaishi kaskazini.) Alirudi na barafu mbili, akauliza: "Nikiivisha hii sweta, si itayeyuka upesi?" Karibu darasa zima likaitikia ndiyo.

Ili wajionee jibu, andaa mifuko miwili ya barafu na ugandishe mililita 100 za maji katika kila mmoja. Mmoja uviringishe kwa sweta la mtumba, mwingine uache wazi, yote miwili kivulini. Wa wazi ukiyeyuka nusu, toboa kona za yote miwili, chuja maji, pima kwa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Wenye sweta hutoa maji machache: hewa iliyonaswa katika nyuzi za sufu huchelewesha joto la darasani kuingia.

Mara ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo mno. Sweta lilikuwa bichi, na maji yaliyochukua nafasi ya hewa hupitisha joto upesi zaidi. Lianike siku nzima kabla ya kipindi, ufute na umande kwenye mifuko.