Birmingham kwa baiskeli, kwa sisi tuliozoea baiskeli ya kazi

Shinyanga baiskeli ni kazi. Inabeba mkaa, madumu ya maziwa, magunia ya mpunga, mgonjwa wa kupelekwa zahanati, na abiria wa daladala ya baiskeli aliyekalia kerea iliyofungwa mto mdogo. Mtu akipata pikipiki, baiskeli anamwachia mdogo wake na hageuki nyuma. Ndiyo maana nilipomwambia mama kwenye simu kwamba Jumapili nimeshinda kwenye baiskeli, aliuliza nilikuwa napeleka nini. Sipeleki kitu, mama. Basi ulikuwa unakwenda wapi? Siendi popote, nazunguka tu. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Haya mwanangu, mradi huumwi."

Wabongo wengi ninaowafahamu hapa Birmingham, Uingereza, wanaujua mji kwa njia mbili tu, basi la kwenda zamu na barabara ya kwenda kununua unga na samaki. Wanausema vibaya: zege, magari, mvua. Kwa anayeutazama kutoka dirisha la basi, hawajakosea. Lakini mji huu mgongoni kwake una mji mwingine, na huo hauonekani mpaka ushuke ngazi chini ya daraja ukutane na maji.

Ni mifereji. Ndani ya mipaka ya jiji kuna kama kilomita 56, na wenyeji hawachoki kujigamba kuwa yao ni mirefu kuliko ya Venice. Haikuchimbwa kwa ajili ya starehe. Mwaka 1769 mfereji wa kwanza, kazi ya mhandisi James Brindley, ulifunguliwa kuleta makaa ya mawe kutoka Wednesbury, kwa mashua ndefu nyembamba zilizovutwa na farasi. Farasi alihitaji njia yake kando ya maji, na njia hiyo ndiyo tunayopita leo na baiskeli. Uzuri wake ni kwamba maji hayapandi mlima. Mchimbaji alilazimika kufuata usawa wa ardhi, kukata kilima, kujenga daraja la maji au kuweka malango ya kupandishia mashua. Kwa mtu wa Shinyanga, aliyezaliwa kwenye tambarare, hii ndiyo njia ya kuanzia.

Mimi huanzia Gas Street Basin, katikati ya mji. Pale mifereji miwili imekutana, na katikati yao kuna ukuta mwembamba wa kama mita mbili unaoitwa Worcester Bar. Kampuni ya mfereji wa kwanza ilikataa kuunganishwa na mfereji mpya wa kwenda Worcester, ikihofia kuibiwa maji. Kwa hiyo tangu mashua zilipoanza kupita upande wa pili mwaka 1795 hadi 1815, mizigo ilishushwa upande mmoja, ikavushwa kwa mikono juu ya ukuta, ikapakiwa upande mwingine. Aliyewahi kuhamisha mzigo kutoka lori hadi lori mpakani hahitaji maelezo. Leo watu wamekaa hapohapo na bia zao.

Kutoka hapo shika mfereji wa Worcester kuelekea kusini. Hadi Kings Norton ni kama kilomita 9, na hakuna lango hata moja la maji, yaani ni tambarare tupu. Njia imewekwa lami sehemu kubwa. Ukifika chini ya madaraja ya zamani punguza mwendo, kwanza kwa sababu ni membamba na huoni anayekuja, pili kwa sababu kuna kitu cha kutazama. Kwenye kona za baadhi ya madaraja, hasa yaliyokingwa kwa chuma, utaona mikato mirefu ya mlalo, mingine inaingiza kidole kizima. Ni kamba za kuvutia mashua zilizokula chuma. Kamba iliyolowa maji, imejaa mchanga, ikasuguliwa palepale na maelfu ya mashua kwa vizazi. Gusa. Kingo zake ni laini kabisa.

Utapita Chuo Kikuu cha Birmingham, na mnara wa saa utauona kabla hujakifikia, maana una urefu wa kama mita 100. Umepewa jina la Joseph Chamberlain, mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Sisi tunamjua kwa jambo jingine. Akiwa waziri wa makoloni wa Uingereza alipita Mombasa mwishoni mwa mwaka 1902, akapanda reli ya Uganda, akatazama nyanda za juu kupitia dirisha la behewa, na mwaka uliofuata akapendekeza Wayahudi wapewe ardhi huko. Wenyeji hawakuulizwa. Mpango ulikufa, mnara upo. Mimi hupita na kengele yangu.

Mbele kidogo ni Bournville. Familia ya Cadbury ilihamishia kiwanda chake cha chokoleti hapa mwaka 1879, wakati huo kukiwa ni mashamba, na mfereji ukiwa jirani. Siku nyingine upepo ukikaa vizuri harufu ya kakao inakufikia ukiwa juu ya baiskeli. Rafiki yangu wa Kyela, ambako kakao inalimwa, husema harufu hiyo si ya kakao bali ya sukari na pesa za watu wengine. Kila tukipita anasema hivyohivyo.

Kings Norton ndipo utamu wa mfereji unapokatika. Baada ya makutano ya mifereji unafika kwenye mdomo wa handaki la Wast Hills, lenye urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, na ndani hakuna njia ya miguu. Hata farasi hawakuingia. Walifunguliwa, wakapitishwa juu ya kilima, wakaisubiri mashua upande wa pili. Wewe nawe ni farasi, utapita juu. Au ufanye nifanyavyo mimi: geukia bonde la mto Rea.

Rea ni mto mdogo, wengine wangeuita korongo, lakini njia ya baiskeli inayoufuata ndiyo roho ya matembezi yangu. Ni sehemu ya njia ya taifa namba 5, alama zake za buluu zimebandikwa kwenye nguzo, fuata tu. Ukielekea mjini unapita viwanja vya mpira, vichaka, migongo ya nyumba ambako watu wameanika nguo kwa matumaini, halafu unatokea Cannon Hill Park. Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1873 kwenye ardhi iliyotolewa na mwanamke tajiri, Louisa Ryland. Jumapili yenye jua, hasa Mei, utasikia Kiurdu, Kisomali, Kipolandi na, ukikaa sana, Kiswahili cha Bujumbura. Watoto wengi, kwa hiyo shuka usukume.

Ukielekea upande mwingine, kusini magharibi, njia inakufikisha Longbridge. Hapa palikuwa na kiwanda kikubwa cha magari tangu 1905, na Mini za mwanzo zilitoka hapa. Aprili 2005 kampuni ya MG Rover ilifilisika na maelfu wakapoteza kazi. Sasa ni maduka na nyumba mpya. Hakuna cha kutazama, jaza chupa ya maji uendelee, kwa sababu mbele kuna vilima.

Vilima vya Lickey si Kilimanjaro. Kilele cha Beacon Hill ni mita 298 tu juu ya usawa wa bahari. Lakini barabara ya kupanda kutoka Rednal itakufanya ukumbuke madeni yako. Gia nyepesi kabisa, kaa kitini, usitazame juu. Ndugu wa Cadbury walilinunua eneo la Beacon Hill wakalikabidhi kwa watu wa jiji mwaka 1907, na kwa miongo kadhaa tramu ilileta wafanyakazi wa viwandani hadi miguuni mwa vilima, mpaka ilipofungwa mwaka 1952. Walikuja kupumua. Moshi wa mji ule haukuwa wa mchezo.

Juu kuna kijumba cha mawe kama ngome ya mchezo wa watoto, chenye maelezo ya kile unachokiona kila upande. Siku hewa ikiwa safi unauona mji mzima kaskazini mashariki, na kusini magharibi vilima vya Malvern. Wapanda baiskeli wa kizungu waliovaa nguo za kubana hufika, hutazama saa zao, hushuka. Mimi hukaa nikala chapati. Thermosi ya chai ya maziwa yenye tangawizi huwa haikosi kwenye begi langu.

Maneno machache ya fundi. Njia ya mfereji ni ya mtu wa miguu kwanza. Kengele mara mbili, na asante akikupisha. Wavuvi huweka fimbo ndefu zikakata njia nzima, simama, watazivuta. Vuli inapoanza wanakata uzio wa miti, na miiba yake inaingia kwenye tairi kama sindano, kwa hiyo tembea na tyubu ya akiba na pampu, maana fundi wa chini ya mwembe hayupo. Usiku sheria inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Desemba saa kumi jioni ni usiku, na majani yaliyolowa kando ya maji yanateleza kuliko sabuni. Miezi hiyo mimi huhamia bustanini.

Baiskeli mpya si lazima. Iliyotumika inatosha, na waajiri wengi wana mpango wa kukukata kidogokidogo kwenye mshahara kabla ya kodi. Uliza ofisini kabla hujatoa pesa mfukoni.

Upande wa kaskazini kuna Sutton Park, zaidi ya hekta 900 za msitu, mabwawa na nyika, waliyokabidhiwa watu wa Sutton mwaka 1528. Humo kuna ng'ombe wanaochungwa wazi, mbali na barabara za magari. Msukuma anayewapita bila kusimama huyo ameshapotea moja kwa moja. Mimi husimama, nikawakadiria bei.

Na ukichoka vilimani usijitese kurudi kwa baiskeli. Shuka hadi kituo cha Longbridge, panda na baiskeli yako treni ya kwenda New Street, nje ya saa za msongamano, na kaa karibu na mlango.